Maji Yalipojaa Kibandani

9 Februari

Wifi yangu Sindano,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto la tanuri. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mwoka mikate usipolalamika ujue mwenyewe amefukuzwa kazi. Shemeji amekubali kung'olewa lile jino, au bado anashika shavu na kumnunia kila anayepita? Na mjukuu wako ameanza kukaa? Mbusu shingoni kwa niaba yangu, pale penye mikunjo.

Kazini tumeletewa masinia mapya. Bosi anayalinda kuliko anavyotulinda sisi. Jana nimeungua kiganja, akauliza kwanza kama sinia limepinda.

Sasa nikwambie nilikokwenda Jumapili, na usicheke. Nilikwenda kutazama ndege.

Unajua tangu kaka yako afariki, mwaka wa pili huu, darubini yake ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Kila nikifunga mlango inagonga mbao. Nikasema basi, niwapelekee wenzake aliokuwa akitazama nao ndege kule kwenye matope, wao ndio watakaoitumia. Nikavaa gauni langu la njano, lile ulilonishonea, nikapanda basi hadi mwisho wa lami, nikafuata njia ya mbao inayopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda chao. Wifi, kumbe ndege hawapendi njano! Mwalimu mstaafu, ndiye kiongozi wao, alinitazama kama nimeingia darasani na ngoma. Wakanikalisha nyuma kabisa, nesi mmoja akanifunika kwa shuka la kijivu. Nikakaa humo kama maiti.

Nikawaambia nimeleta darubini ya marehemu. Fundi wa miwani, ndiye aliyekuwa akikaa ubavuni mwa kaka yako, aliichukua, akaipuliza vumbi, akaifuta kwa kitambaa chake, akanirudishia. Akasema, "Tazama mara moja tu, ndipo utuachie." Nikatazama. Kulikuwa na vindege vidogo vinakimbia juu ya matope, vinasimama, vinadonoa, vinakimbia tena, kama watu waliosahau kitu nyumbani. Vinaitwa vitwitwi.

Nimerudi nayo, wifi. Sikuiacha.

Wako,
Mama Mikate


27 Februari

Mama Mikate wee,

Nimecheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Ulivaa njano kwenda kuvizia ndege! Lile gauni nilikushonea la harusini, si la matopeni. Umelifua? Usilisugue kwa brashi, nyuzi zitakatika.

Sisi tu wazima. Jino la shemeji yako bado lipo mdomoni mwake na sisi sote tunalijua kwa jina. Mtoto anakaa, anaanguka, anakasirika, anakaa tena. Mimi nimezama kwenye sare za shule. Marinda, marinda, marinda. Nikifumba macho naona marinda.

Kaka yangu na ndege, mimi sikuelewa hata siku moja. Mtu mzima, fundi wa majokofu, mwenye mikono yake miwili, anapanda basi kwenda kumtazama ndege ambaye hata hamli! Nilimwambia hivyo akanijibu, "Wewe dada unajua kutazama kitambaa tu." Alikuwa na dharau yule. Namkumbuka kila siku.

Nenda tena. Halafu uniandikie. Mama yetu hayupo, baba hayupo, mume wangu ukimtajia marehemu anatoka kwenda kumwagilia maua ambayo hatuna. Umebaki wewe wa kuzungumza naye habari za kaka yangu. Usininyamazie.

Sindano


30 Machi

Wifi yangu,

Asante kwa kitambaa cha kahawia. Kimefika salama na nimeshakivaa. Mwalimu mstaafu amesema sasa ninafanana na gogo, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Pole na marinda. Huku unga umechelewa mara mbili, bosi amekuwa mkali kama hamira ndiyo imempanda kichwani.

Nimekwenda kila Jumapili. Siku hizi namjua sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Anauzamisha wote matopeni, anavuta kaa, anamkung'uta miguu kwanza ndipo anammeza. Nimejua pia kwamba unapaswa kufika kabla ya maji kujaa. Maji yakiwa mbali ndege wametawanyika huko mbele, hawaonekani ila nukta. Maji yakipanda yanawasukuma, wanakuja, wanakuja, mpaka wako mbele ya tundu la kutazamia, unaona hata jicho. Fundi wa miwani ndiye aliyenieleza. Husema kazi yetu ni kukaa kimya tu, maji ndiyo yatatuletea.

Ni mtu mpole. Akitaka kukuonyesha ndege hanyooshi kidole, anakwambia, "Hesabu mikoko kutoka ule uliovunjika," basi unamwona. Huja na chai kwenye chupa. Mkewe alifariki zamani, watoto wake ni wakubwa. Fundi wa miwani anasema mwezi ujao ndege wengi wataondoka, watarudi Agosti au Septemba. Nimeona unyonge nilipoambiwa hivyo, sijui kwa nini.

Busu kwa mtoto.

Mama Mikate


18 Aprili

Mama Mikate,

Tu wazima, jino limetoka! Limetoka lenyewe, kwenye muhindi wa kuchoma. Miezi yote ile ametupigia kelele, kisha muhindi ukamaliza kazi. Sasa anatembea nalo mfukoni akiwaonyesha majirani.

Mimi macho yananichezea. Kutia uzi kwenye sindano imekuwa vita, namwita binti anitilie. Fundi cherehani anayetiliwa uzi! Usimwambie mtu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Nilipofika katikati akaniuliza, "Huyo fundi wa miwani ni ndege wa aina gani?" Nikamwambia nyamaza. Lakini nami nakuuliza. Hana duka la kulinda? Miwani ya watu inajitengeneza? Kwenye barua ya Februari alikuwa na sentensi mbili, hii ya Machi ana ukurasa. Na kaka yangu humo ndani sikumwona kabisa.

Natania. Nusu yake natania.

Sindano


25 Mei

Wifi,

Salamu kwenu wote. Hongera kwa shemeji, asilipoteze hilo jino. Pole kwa macho.

Tanuri moja limepasuka, tunaoka kwa zamu, nimechoka. Mvua inanyesha. Bosi anawasalimu.

Ndege wameondoka wote, wamebaki yangeyange wachache na mdiria mmoja. Kwa hiyo hakuna la kusimulia.

Wako


14 Juni

Mama Mikate,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Jana alipita hapa mpwa wa mume wangu, yule wa lori linaloleta unga kwenu. Tumempa chakula. Akiwa anakula akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema kule tanurini wanacheka wote, eti Jumapili moja ya Mei mama mikate na fundi wa miwani walizingirwa na maji ya bamvua ndani ya kibanda cha ndege, njia ya mbao ikazama, wakakaa humo wawili tu mpaka maji yalipopwa, wakarudi jua linazama, viatu mkononi.

Nikacheka na mimi, kwa sababu kulikuwa na wageni.

Mwezi Mei ndege hawapo. Umeniandikia mwenyewe. Sasa mlikwenda kutazama nini?

Sikuulizi kama mtu wa polisi. Wewe ni mtu mzima na umeshalia vya kutosha, nilikuwepo, nilikushika. Kinachoniuma ni kwamba nimelisikia kwa dereva, mdomo umejaa wali.

Sindano


20 Julai

Wifi yangu mpenzi,

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Nimeijibu kichwani nikikanda unga, nimeijibu kwenye basi, nikifika mezani kalamu inakauka. Leo ninaandika na nitaituma kabla sijaisoma tena.

Siku ile mvua ilikuwa imeng'oa bati la kibanda. Fundi wa miwani alikwenda kuligongelea, mimi nikampelekea mkate. Mkate ungeweza kusubiri, najua. Nilitaka kwenda. Tulisahau bamvua, sisi tunaojifanya tunayajua maji! Tulipogeuka, njia haipo, mikoko imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Tukakaa. Tukala ule mkate. Tulizungumza mambo mengi, na mengi yalikuwa ya kaka yako, maana walikuwa marafiki kabla yangu mimi kujua hata huko ni wapi. Kisha akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu. Akaniuliza kama ningekubali kuolewa naye.

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu. Anakuja, ananisalimia, haniulizi tena, na upole wake huo unanitesa.

Ninampenda, wifi. Nimeandika, basi. Na kaka yako bado nampenda. Wote wawili wamo, hawasukumani, ni mimi ninayesukumwa.

Nitakwambia ninachoogopa. Si maneno ya watu wa tanurini, hao wakikosa langu watapata la mwingine. Mimi na kaka yako hatukujaliwa mtoto. Kama tungekuwa naye, ungekuwa shangazi yake milele, hakuna ambaye angeweza kututenganisha. Kwetu unajua hakuna mtu. Mama mdogo aliyenilea ndiye alikuwa ukoo wangu wote, naye tulimzika mimi na wewe. Mimi ndugu yangu ni wewe, na wewe nilikupata kupitia mume. Nikiolewa na mwingine, nitakuwa nani kwako? Nitakuja kwako kama nani? Nikiugua nani ataitwa?

Kama kusema ndiyo kwake ni kukupoteza wewe, nitasema hapana. Sikwambii hivi ili unihurumie. Nimelipima na ndivyo lilivyo.

Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Mama Mikate


11 Agosti

Mama Mikate,

Barua imefika. Sisi wazima.

Mambo kama hayo siyajibu kwa kalamu. Nakuja mwezi ujao, wiki ya kwanza, nikimaliza sare. Nataka kuwaona hao ndege. Na mwambie na huyo bwana awepo.

Usipike vitu vingi.

Sindano


15 Septemba

Wifi yangu,

Natumaini ulifika salama na basi halikukusumbua. Umesahau kanga yako ya pili, nimeifua. Msalimie shemeji, mtoto mbusu shingoni.

Tangu uondoke sijui nikusome vipi. Nimezirudia siku zako mbili hapa kama mtu anayetafuta ufunguo.

Pale kibandani Mwalimu alikuonya kwa ustaarabu kabisa kwamba watu huongea kwa kunong'ona. Ukamwambia, "Baba, mimi nimezaliwa bila kunong'ona." Sululu wote wakaruka! Miezi wanasafiri kuja kwetu, wewe umewafukuza kwa sentensi moja. Nesi alijificha uso asicheke. Nami nilitaka matope yanimeze, kwa sababu ulikuwa umekaa katikati yetu, mimi huku, fundi wa miwani kule, na hakuna aliyekuwa na ndege wa kutazama.

Ndipo yeye akasema, "Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo." Ukamgeukia kwa jicho lile la kupima kitambaa. Akakusimulia habari ya mwari, yule ndege mkubwa wa mdomo wenye mfuko. Kwamba kaka yako alimwona mwari mweupe amelala kwenye mikoko, akawanyamazisha wote, akakataza hata kukohoa, wakamtazama asubuhi nzima, Mwalimu akawa anaeleza tabia za mwari anapopumzika. Maji yakajaa, mwari akaelea, akageuka, kumbe ni dumu la mafuta ya kupikia. Na kaka yako badala ya kuona haya akavua viatu, akaingia majini, akalichukua dumu, akarudi nalo, akasema, "Angalau huyu amekamatika."

Ulicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa siijui habari hiyo, alinificha yule mwanamume! Nilikuona ukicheka, machozi yakikutoka, ukimpiga fundi wa miwani begani kama mtu uliyekua naye. Nikasema moyoni, labda. Halafu akaona unavyoisogeza mbali na uso picha ya ndege aliyokupa Mwalimu, akasema atakupima macho bure, nawe ukakunja uso. "Miwani nitanunua mwenyewe." Ukatangulia mbele njia nzima ya kurudi. Stendi ukaniambia, "Komeo lako la mlango limelegea, lirekebishe," ukapanda basi.

Komeo limerekebishwa. Mimi ndiye bado.

Mama Mikate


6 Oktoba

Mama Mikate,

Sisi wazima, ila shemeji yako sasa ameanza na jino la upande wa pili. Mungu atupe subira. Mtoto anasimama akishika cherehani yangu, nimelazimika kuficha mikasi. Kanga ibaki huko, nitaikuta.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Nilipokuja huko nilikuja na maneno yangu tayari. Nilitaka kumwona huyo bwana aliyekaa mahali pa kaka yangu, nimwone ni mtu wa namna gani, nipate sababu. Nilitafuta sababu, sikufichi. Viatu vyake vimechakaa kisigino kimoja, nikasema ahaa. Basi, hiyo ndiyo niliyoipata.

Halafu akaniletea lile dumu.

Wewe hujui alichonifanyia. Tangu kaka afariki, mimi ninazo hadithi zake zile zile. Alivyoanguka kisimani. Alivyoiba sukari. Alivyolia siku yangu ya harusi akasema ni moshi. Nazizungusha, nazizungusha, nilidhani ndizo zilizobaki, nikifa zimekwisha. Kisha nimekaa kwenye kibanda cha mbao, mtu nisiyemjua ananipa kaka yangu mpya kabisa, anaingia majini bila viatu, anaongea vile vile alivyokuwa akiongea. Kwenye basi nililia kutoka stendi mpaka kwenye mizani ya malori. Jirani yangu wa kiti akanipa leso yake. Nilikuwa nalia na kucheka, maskini alihama kiti.

Nilikuwa nimeogopa kwamba ukiolewa hatabaki mtu wa kumtaja. Kumbe nilikuwa nataka kuifunga nyumba ambamo wanamtaja kila Jumapili.

Sasa nikujibu swali lako, maana uliniuliza kwa kalamu na nimekuacha ukiungua. Umeniuliza utakuwa nani kwangu. Swali la kijinga namna hiyo sijawahi kuulizwa, na nimeulizwa mengi. Kaka yangu alikuleta nyumbani kwetu. Yeye ametoka, wewe hukutoka naye. Nani alikwambia utoke? Uliniosha mimi nilipojifungua. Ulimlisha mama yangu kwa kijiko. Sikufanya hesabu ya damu siku hiyo na sitaifanya leo.

Kwa hiyo nisikilize. Huyo bwana asikuposee njiani, wala wewe usimjibu huko matopeni kama watu wasio na kwao. Wewe una kwenu. Mwambie posa ailete hapa, kwangu. Aje na mtu mzima wa kumsemea, hata huyo Mwalimu anayenong'ona. Jumamosi asije, Jumamosi napeleka sare shuleni. Nimeshamwambia mume wangu, amenunua shati, atakaa upande wetu na meno yake hivyo hivyo.

Nitamsumbua, nakuonya. Nitamuuliza maswali mpaka ajute kuwa fundi. Nitamwambia tunahitaji muda wa kufikiri. Usije ukamhurumia ukaniharibia. Wewe siku hiyo utakaa chumba cha ndani, kama binti yeyote wa nyumba hii, na usijitokeze mpaka nikuite.

Mimi,
dada yako